Sahani Zinarudi Tupu

Hapa Kalubihan hakuna siri inayonipita. Mtu akipiga chafya ng'ambo ya mto, mimi nakwambia amenusa pilipili ya nani. Hii ya binti wa Basyon tu ndiyo ilinipita, tena mchana kweupe, nimekaa kwenye benchi la mama yake, nakula, naomba niongezwe mchuzi, namtania mtoto mwenyewe. Kwa hiyo sifa zangu ziishie hapo, tumzungumze Basyon.

Jina lake la ubatizo ni Salvacion. Ni mama lishe karibu na soko la samaki, na katika kisiwa chote cha Panay hakuna mchuzi wa kuku wa tangawizi unaoufikia wake. Maneno hayo ni yake, lakini hakuna aliyewahi kumbishia akiwa amemaliza bakuli. Wachukuzi na wauza samaki waliokula pale walimsalimu bintiye Gemalyn kama tunavyosalimiana sote: "Ee Inday, binti yetu, umenenepa! Wali wa mama yako huo!" Basyon alicheka kuliko wote. Mama lishe mwenye mtoto mnene hana haja ya kuchora bango.

Siku Gemalyn alipoanguka mbele ya duka la vitambaa, bango lilikuwa limebaki mti tu. Waliombeba hadi hospitali walisema hawakuhisi kama wamebeba mtu. Watu wakauliza, Basyon akajibu haraka: "Vidonda vya tumbo." Jibu zuri lile. Vidonda vya tumbo ni maradhi ya heshima, hata padri anavyo.

Daktari, mwanamke mdogo wa sauti ya chini, alimvuta Basyon kando na kumwambia ukweli. Mtoto hakuwa na kidonda popote. Alikuwa na maradhi ya kujinyima chakula, nayo ni maradhi kama mengine, na dawa yake ipo. "Tutaangalia anavyokula hapa wodini, Manang," alisema, kama tunavyowaita dada wakubwa. "Akishindwa, tutamhamishia jengo la juu, kuna wenzetu wanaoyajua vizuri mambo haya."

Katika maneno yote hayo Basyon alisikia jengo la juu tu. Jengo la juu lina nondo madirishani. Mji mzima unajua ni watu gani wanalazwa kule, na mji mzima unakula kwa Basyon.

"Daktari, nakuomba," alisema, ameshika mkono wa koti lake jeupe. "Huku wodini yabaki kuwa vidonda vya tumbo. Usinitangaze."

"Sitamtangaza mtu," daktari alisema. "Wewe msaidie ale tu."

Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Huwa na bantay wake, ndugu wa kumlinda: amfulie, amchotee maji ya moto, akimbilie dawa duka la nje, alale kwenye mkeka chini ya kitanda. Gemalyn alipewa kitanda cha dirishani, na bantay wake alikuwa Basyon mwenyewe. Kibandani alimwachia mdogo wake sufuria, akawa anakwenda alfajiri kuwasha jiko na kuonja chumvi, kisha anarudi wodini mbio kabla daktari hajapita.

Sahani ya kwanza ilikuja na wali, kipande cha samaki na boga. Gemalyn aliitazama kama mtu aliyefunuliwa nyoka kapuni. Basyon alibembeleza. Alitisha. Alimwita kwa jina la utotoni, akatia kijiko mdomoni mwake mwenyewe kumwonyesha utamu, kama anayelisha mtoto wa mwaka mmoja. Gemalyn aligeukia ukuta.

Ndipo likasikika gari la vyombo ukumbini, na sauti ya Nesi Tarcila, mkubwa wa wodi, mwanamke ambaye kunong'ona kwake kunaweza kuzindua ng'ombe. "Nani huyu kaacha wali? Wali ni jasho la mtu! Hapa si hotelini!" Vichwa vyote vikageukia kitanda cha ajuza mmoja karibu na mlango, naye akajifunika shuka mpaka utosini kwa aibu.

Basyon alishika kijiko. Aliipa wodi mgongo, akala kama mwizi anayemeza ushahidi, hakutafuna wala hakuonja, yeye aliyezoea kuonja kila kitu. Gari lilipofika, sahani ilikuwa nyeupe.

"Kala?" aliuliza kijana aliyekuwa akisukuma, mwanafunzi wa unesi.

"Kala yote," alisema Basyon, na wali ungali umemkwama kooni.

Kijana akaandika, akaenda zake. Asubuhi ilipofika ikawa hivyo tena, na mchana, na jioni. Uongo wa kwanza ndio mgumu. Unaofuata unakujua jina.

*

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee wa mawe ya kibofu, na bantay wake alikuwa mkewe, Manang Orang, muuza dagaa wakavu. Orang alikuwa mtu wa kukaa na kopo la karanga mapajani na kuhukumu dunia.

"Basyon wee," alisema siku moja, akimtazama kutoka kisogoni hadi kisiginoni. "Hospitali imekupenda! Mgonjwa wako anakula, wewe ndiye unanenepa. Hebu tazama hilo gauni, vifungo vinaomba msaada."

Wodi ikacheka. Basyon akacheka pia, akivuta gauni. Nyuma ya pazia la kitanda Gemalyn aliacha kupumua, kwa kuwa neno lile la kunenepa, hata likielekezwa kwa mtu mwingine, yeye hulipokea.

Mchana ule walikuja wanafunzi wawili wa unesi na karatasi zao. Msichana aliitwa Rhodalyn, mrefu, mwepesi wa ulimi, kofia yake nyeupe imesimama kichwani kama jogoo. Mvulana ni yule wa gari la vyombo, Crisanto, mnene, mpole, anayepita mlangoni ubavu kwa mazoea ya kuambiwa amejaza njia. Hawawezi kuhitimu bila utafiti, na mwalimu wao alikuwa amewapa wa kwao: watu wanawaonaje wagonjwa wenye maradhi ya kukataa chakula. Waliagizwa wawaulize manesi, na mabantay wote wa wodi. Kwamba mgonjwa wa namna hiyo alikuwa hatua mbili kutoka hapo, hakuna aliyewaambia.

"Mama zetu, shikamooni," Rhodalyn alisema. "Tuna maswali machache. Hakuna jibu la makosa."

"Kama hakuna la makosa, mnauliza nini?" Orang alisema. "Leta."

"'Mtu anayekataa kula kwa kuogopa kunenepa amejitakia mwenyewe.' Unakubali kabisa, unakubali, hukubali, au hukubali kabisa?"

"Kabisa! Gonga na mhuri. Mimi utotoni nimekula mizizi ya porini, tena tuliigombania na nguruwe. Leo mtu anawekewa nyama anageuza uso? Hayo ni maradhi ya Manila, mwanangu. Maradhi ya watu wenye friji mbili."

Mabantay walicheka, na wengine wakasogeza mabenchi karibu. Rhodalyn naye alicheka, akafunika mdomo kwa karatasi.

"'Mgonjwa kama huyo anastahili kitanda hospitalini sawa na wengine.'"

"Kitanda? Apewe jembe! Akilima siku moja mpaka jua kutua, utaona kama hatakula na ubao wa meza."

Hata mzee wa mawe ya kibofu alicheka, kisha akajuta, akashika tumbo.

"Na wewe, Nanay, mama yetu?" Rhodalyn akamgeukia Basyon. "Wewe ndiye mpishi. Lazima una neno."

Pazia lilikuwa nyuma ya bega lake. Basyon angeweza kusema sijui. Neno lile halina gharama, watu hulisema kila siku kwa mambo wanayoyajua. Lakini wote walikuwa wamemkodolea macho, na Orang ameshika karanga hewani akingoja, na Basyon akaona kwamba akinyamaza kidogo tu watamwona mpaka mifupa.

"Angekuwa wangu," alisema kwa sauti ya kibandani, ile ya kuwasikilizisha walio barabarani, "ningemtandika kwa mwiko mpaka mdomo ufunguke wenyewe. Na huyo mama aliyemlea naye angelazwa, apimwe kichwa."

Walimpigia makofi. Orang alimpa karanga kiganja kizima. Crisanto peke yake hakuinua uso, alikuwa akiandika.

*

Basyon alikaa nje ya pazia kwa muda akijifanya anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Alipoingia alitarajia machozi. Gemalyn alikuwa ameketi, macho makavu, makubwa usoni kama ya mtoto wa popo.

"Umejibu vizuri, Nay," alisema. "Sasa hakuna atakayejua."

"Mwanangu, mimi sikumaanisha..."

"Najua." Akaisukuma sahani ya mchana kwa ncha ya kidole, kama kitu kinachonuka. "Kula, Nay. Kabla hawajaja."

Basyon akala. Siku ile ilikuwa nyama ya nguruwe na kunde, chakula anachokipenda, nacho kilipita kama udongo.

"Wewe ni mama mwema," Gemalyn alisema taratibu. "Wengine wangenilazimisha."

Basyon amewahi kutukanwa na walevi, na wakopaji, na mama mkwe aliyekuwa fundi wa kazi hiyo. Hakuna tusi lililomchoma kama sifa ile. Alitaka kuutema mdomo mzima. Lakini gari la vyombo lilikuwa limeshapiga kona, akameza.

*

Alipopeleka chupa yake kuomba maji ya moto, aliwakuta wale wanafunzi kwenye meza ya manesi, wanamhoji Nesi Tarcila. Basyon alisimama nyuma ya nguzo kungoja zamu yake. Si kwamba alitegea sikio. Sauti ya Tarcila humfuata mtu hadi chooni.

"Mnataka msimamo wangu? Andikeni: wananichosha. Nina mtoto aliyeungua, nina mzee anakata roho, hao ndio wagonjwa. Halafu binti mzima analala kitandani kwa maringo! Huyo wenu wa dirishani, mnadhani ana vidonda vya tumbo? Kidonda cha kioo kile! Anajiangalia tu. Mama yake analia lia hapa, daktari anamfichia."

"Kumbe ni yule?" Rhodalyn alisema. "Na mama yake alisema mwiko!" Akavuta mashavu ndani, akashika kiuno, akatembea kama ufito unaopeperushwa. "Aa-aa Nanay, usinipe wali, nitapasuka!"

Tarcila alipiga meza kwa kicheko. Crisanto naye alicheka, tena kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyechekwa maisha yake yote, anayeshukuru kwamba leo si zamu yake. Aligeuka kufuta machozi, akamwona Basyon na chupa kifuani.

Kicheko kilimfia mdomoni. "Nanay..."

"Nataka maji ya moto tu," Basyon alisema.

"Yako jikoni, Manang, mlango wa pili," Tarcila alisema, kama ambaye hajasema kitu tangu asubuhi.

Basyon alishukuru. Alishukuru kweli, akainamisha na kichwa, na alipofika jikoni alijaza chupa mpaka maji yakamwagika na kumuunguza mkono, naye akayaacha yamwagike.

*

Siku iliyofuata Gemalyn alianguka bafuni. Basyon alimkuta amelala chini kando ya ndoo, akapitisha mikono yake chini ya kwapa kumwinua, akijikaza kama anayeinua gunia. Karibu aanguke yeye kwa nyuma. Hapakuwa na uzito wa kukaziwa. Alimbeba kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akafungua mlango, na katika kufungua mlango ule akajua kwamba mtoto wake anakufa.

"Ameteleza," aliwaambia waliokuja mbio. "Sakafu ina sabuni."

Daktari alimpima, akampima tena, akakunja uso.

"Sielewi," alisema. "Kila sahani imeandikwa kamaliza. Na bado anapungua. Ni kitu gani kinakula chakula cha mtoto huyu?"

"Minyoo, daktari!" Orang alisema kutoka kitanda cha pili. "Yule mkubwa, anayekaa kimya."

Basyon alitazama viatu vyake.

"Kesho tutamtoa damu tuangalie," daktari alisema. "Tusipoona kitu, basi aende nyumbani. Kama kula anakula, Manang, atakula na kwako, tena vizuri zaidi. Na kitanda kinahitajika."

Neno la kwenda nyumbani Basyon alikuwa ameliombea kwa mishumaa tangu siku ya kwanza. Sasa limekuja, naye hakulitaka. Nyumbani hakuna daktari wa kukunja uso. Nyumbani mtoto atageukia ukuta, na yeye atakula sahani zote, na watu watamsifu kwa unene.

Jioni Crisanto aliingia nyuma ya pazia na chombo cha kupimia joto. Gemalyn amelala. Kijana alikawia kuliko kazi yenyewe.

"Nanay, samahani kwa jana."

"Jana kulikuwa na nini?"

"Nilicheka."

Basyon alilainisha shuka. "Hata mimi nilisema mwiko, mwanangu. Tena yeye anasikia."

Wakakwepana macho, kila mmoja na lake, kama watu waliokutana duka la rehani.

"Tunawauliza watu wanawaonaje wagonjwa hawa," Crisanto alisema. "Mimi sijajiuliza hata mara moja." Akazungusha kile chombo mkononi. "Nanay, sahani zake zinarudi safi mno. Mimi mwenyewe napenda kula, unaniona nilivyo. Hata mimi huacha kitu."

Maneno yalimfika Basyon mpaka kwenye meno. Aliyahisi pale, yamejipanga: ni mimi, mwanangu, ni mimi ninayekula, nisaidie. Jengo la juu, nondo, chochote. Alifungua mdomo.

Pazia likavutwa. "Mnanong'ona nini huko, posa?" Ilikuwa Orang na kopo lake. "Nonoy, kijana wangu, kama unaposa, huyu mama ndiye aliyeiva, binti bado. Basyon, nikumbushe jina la dawa ya vidonda, shemeji yangu anasumbuka."

Crisanto hakumtazama Orang. Alimtazama Basyon, akangoja.

"Kwetu hatutupi chakula," Basyon alisema. "Ndiyo maana sahani ni safi."

"Haya, Nanay," kijana alisema, akatoka ubavu ubavu.

*

Alfajiri Basyon aliondoka kwenda kuwasha jiko kibandani kama kawaida. Nilikuwepo benchini, nakumbuka aliniunguzia yai, jambo ambalo halijawahi kutokea, nami nikamtania kwamba amepata mchumba. Alikuwa akizungumza peke yake juu ya sufuria, midomo inakwenda, kama mtoto anayekariri sala ya komunio ya kwanza. Sasa najua alikuwa akikariri nini. Alikuwa amekata shauri kusema.

Njiani alikimbia, nywele zimemganda shingoni kwa jasho. Alipofika wodini alikuta wamemtangulia. Daktari alikuwa tayari kando ya kitanda cha dirishani, na Nesi Tarcila, na wale wanafunzi wawili nyuma yao, na wanafunzi wengine asiowajua, koti jeupe juu ya koti jeupe. Orang alikuwa ameshaketi mahali pazuri pa kuonea. Gemalyn alikuwa ameegemezwa mto, mkono umefungwa pamba mahali palipotolewa damu, anamtazama mama yake kwa macho ambayo Basyon hakuyaelewa.

Hakukuwa na sahani mezani. Wameshaiondoa, Basyon aliwaza. Nimechelewa, nani kaila?

"Ah, Manang umekuja," daktari alisema. "Majibu ya damu yatatoka mchana. Huwa nauliza bantay kwanza. Vipi mwenzetu?"

Macho yote yale. Sala aliyoikariri Basyon juu ya sufuria ilikuwa na mwanzo, aliutafuta, akaukosa. Tarcila alikuwa ameinua nyusi. Rhodalyn alikuwa ameshika kalamu. Na ulimi, mnyama yule aliyefundishwa njia moja, ukaishika njia yake.

"Hajambo, daktari. Anaendelea vizuri sana."

"Asubuhi hii kala?"

"Kala yote."

"Yote?"

"Uji wa wali na yai," Basyon alisema, na aliposikia kimya kimezidi akaongeza, kama unavyoongeza chumvi mchuzi uliokwisha kuharibika. "Nimemlisha kwa mkono wangu mwenyewe. Kakomba mpaka bakuli, kwa kidole. Nikamwambia, mwanangu, acha basi hata kidogo, watu watatucheka."

Orang aliacha kutafuna. Gemalyn alifumba macho. Daktari aligeuka taratibu kuwatazama wanafunzi, na Crisanto, masikio yamemwiva, akasogea mbele mpaka akawa amesimama kati ya Basyon na wale wengine wote.

"Nanay," alisema kwa sauti ndogo, "leo hakuletewa chakula. Tulimzuia asile, kwa ajili ya kipimo cha damu."